Mlango wa Nyuma wa Aliyeitwa Hayati

Nyinyi wajukuu, na vijana wengine ambao karatasi hizi zitawafikia, kaeni vizuri msome bila kuruka. Najua mnavyosoma. Mnaangalia juu, mnaangalia chini, halafu mnasema mmeelewa. Mimi niliishia darasa la tatu, na kila neno hapa nimelitoa jasho. Msichana aliyenipigia taipu nimemkataza kunirekebisha, ila pale nilipokosea herufi.

Mmeniuliza mara nyingi kwa nini nyumba yangu ya Mundika ina mlango mdogo upande wa nyuma, unaotazama migomba, usio na kufuli wala komeo. Mmoja wenu alisema mbele ya wageni kwamba ni mlango wa kuku. Sio mlango wa kuku.

Majina ya watu sitaandika hata moja. Nimeona neno moja likisemwa mahali pasipofaa, na nimeona kilichofuata.

Mume wangu alikuwa dresa wa dispensari ndogo karibu na kwetu, miaka ile ya sabini wakati ng'ambo ya mpaka kulitawaliwa na wanajeshi. Hakuwa daktari. Alifunga vidonda, alichoma sindano, aligawa kwinini, na watu walimwita daktari hata hivyo. Mimi waliniita Mama Dresa. Ufunguo wa kabati la dawa aliufunga kwa kipande cha bandeji badala ya uzi, na aliutia mfuko wa shati, hapa kifuani. Nilizoea kuuona akivua shati jioni.

Dada yake aliolewa ng'ambo, upande wa Tororo. Siku moja tulipata habari kwamba amejifungua vibaya na kule hakuna hata pamba. Mume wangu alijaza mkoba bandeji na chupa mbili za dawa, akapanda baiskeli mpaka Malaba, akaiacha kwa mama mmoja muuza chai, akavuka daraja kwa miguu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wamejaa. Mama wa matoke aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyenieleza. Wanajeshi walifungua mkoba wakaona bandeji nyingi. Wakamuuliza, "Hizi ni za waasi gani?" Akajibu ni za dada yake. Wakacheka. Wakamtia kwenye gari dogo, na mama wa matoke akapita na mzigo wake bila kugeuka. Nilimuuliza mbona hukupiga kelele. Akaniambia, "Mama Dresa, kule mtu hapigi kelele."

Baiskeli ililetwa nyumbani siku ya tatu. Niliitundika ukutani kwenye chumba chetu.

Mwezi wa kwanza nilienda polisi, nikaenda kwa chifu, nikaenda kwa bwana wa idara ya afya pale Busia. Wote waliandika. Mwezi wa pili, watu wakaanza kuja kwangu na watoto wenye surua. Kabati la dawa lilikuwa limefungwa na ufunguo uko mfukoni kwa mtu ambaye hatujui aliko. Idara ilikataa kuleta dresa mwingine. Bwana yule alinionyesha kitabu, akasema, "Mama, nafasi hii ina mtu. Siwezi kuweka watu wawili kwenye kiti kimoja." Nikamwambia kiti hakina mtu, kinanuka vumbi. Akasema kwenye kitabu kina mtu.

Mara mbili nilisikia kengele ya baiskeli ikilia chumbani. Mara zote mbili ilikuwa mchana, saa saba hivi, nikiwa jikoni nasonga ugali. Niliingia, sikuona kuku wala panya. Sisemi ilikuwa nini. Nasema niliisikia.

Ndipo kaka mkubwa wa mume wangu akaja. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye kunitania kila tulipokutana kama shemeji anavyotania, lakini siku hiyo alikaa kwenye kigoda na kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "tumezungumza kama ukoo. Tuzike mgomba."

Kwetu, mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, unakatwa mgomba, unavishwa shuka, unalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Baada ya hapo hasubiriwi tena. Mke wake anaruhusiwa kunyoa, na maisha yanaendelea.

Nikamwambia, "Mgomba wangu mimi nasubiri uzae."

"Shemeji, usifanye mzaha."

"Sifanyi. Mume wangu hajafa. Ukikata mgomba hapa nitakuzika nao."

Akacheka kidogo, akaondoka. Lakini nilijua atarudi, na nilijua nikishindwa siku hiyo hakuna mtu mwingine duniani atakayeuliza dresa yuko wapi. Aliyezikwa haulizwi.

Mbunge wetu alifanya baraza pale kwenye kiwanja cha shule. Shule yenyewe upepo ulikuwa umeng'oa mabati yake, na madarasa mawili yalisomea kwenye baraza ya dispensari, mbele ya mlango uliofungwa. Watu walilia mambo matatu: shule, dawa, na watu wanaokamatwa ng'ambo. Mheshimiwa alikuwa kijana bado, suti nzuri, amesoma mbali. Akasema atapeleka swali Bungeni, swali moja lenye vichwa vitatu. Akasema pia kwamba Mzee, Rais wetu, ametoa amri Bungeni kuzungumzwe Kiswahili, kwa hiyo safari hii tutasikia kila kitu kwenye redio na kuelewa sisi wenyewe. Watu wakapiga makofi.

Nilisimama. Nikamwambia, "Mheshimiwa, ukimtaja mume wangu, usiseme amekufa. Usiseme amepotea pia, maana tutaambiwa aliyepotea ajitafutie njia. Sema ni mzima, anashikiliwa, na tunamtaka."

"Nitasema yuko hai, mama."

"Hai?" nikamjibu. "Hai ni neno la kuku sokoni. Unauza kuku aliyechinjwa au kuku hai? Huyu ni mfanyakazi wa serikali. Tafuta neno lenye heshima."

Watu walicheka sana. Mheshimiwa naye alicheka, akatoa kalamu ya mfukoni akaandika. Akasema, "Mama Dresa, nitalitafuta."

Mimi ndiye niliyemtuma. Nataka mlishike hilo kabla hamjamlaumu mtu mwingine.

Wiki chache baadaye tulipewa habari kwamba swali litajibiwa. Nilinunua betri mpya. Jioni ile, kabla ya giza, nyumba yangu ilijaa mpaka wengine wakasimama kwenye mahindi. Shemeji mkubwa alikuja pia, akakaa karibu na redio kama yeye ndiye mwenye redio. Baada ya taarifa ya habari wakaanza habari za Bunge, na mtangazaji, mtu wa sauti ya pwani, polepole, akasoma kwamba mbunge wetu alimuuliza Waziri kama anajua kuwa watoto wa mpakani wanasomea barazani, na kama anajua kuwa dispensari imefungwa tangu kuondoka kwa hayati dresa wake, aliyekamatwa ng'ambo ya Malaba akienda kumtibu dada yake.

Hayati. Tulitazamana.

"Ameliweka," shemeji akasema. "Hai, hayati. Umesikia, shemeji? Ndilo la heshima."

Mama mmoja akauliza, "Ni kama kusema mheshimiwa hai?"

"Ndiyo hivyo. Kiswahili cha juu."

Mtangazaji akaendelea kwamba Waziri alijibu mabati ya shule yatapelekwa, mhudumu mpya wa dispensari atapelekwa, usalama wa mpakani unaangaliwa, na Serikali inaipa pole familia ya hayati. Tukasema Waziri ni mtu mwema, ametuonea huruma kwa taabu yetu. Nilichinja jogoo. Tulikula, tukaimba wimbo wa kanisani, na shemeji mkubwa akanyanyua paja la kuku akasema, "Hayati huyo." Nyumba nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tulipokuwa tunacheka, kengele ya baiskeli ililia chumbani. Safari hii wote walisikia. Waliniangalia mimi. Nikasema ni upepo, na hakukuwa na upepo.

Kesho yake asubuhi nilienda mjini Busia kuuza mayai. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu wa Mombasa, aliyeishi huku miaka mingi kwa sababu ya biashara ya mpakani. Aliniona kwa mbali. Akasimamisha cherehani, akavua kofia yake iliyodariziwa, akanijia barabarani amenyoosha mikono miwili.

"Poleni kwa msiba, mama. Mungu awape subira."

"Msiba gani, fundi?"

Akaniangalia. "Si nilisikia redio. Hayati mumeo."

"Ndiyo. Hayati. Mzima."

Yule mtu alinishika mkono na hakuuachia. Aliongea polepole kama unavyoongea na mgonjwa. Akaniambia kwao pwani mtu akishafariki, na watu wanamheshimu, hawasemi maiti wala marehemu tu. Wanasema hayati.

Mayai niliyaacha pale pale kwenye ngazi ya duka lake. Nilitembea mpaka Mundika kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nasikia sauti ya yule mtangazaji wa pwani, jinsi alivyolitamka taratibu, jinsi alivyoshuka sauti. Yeye alijua. Waziri alijua. Nchi nzima ya watu wanaojua Kiswahili ilikuwa imemzika mume wangu, na sisi wenyewe tulikuwa tunakula kuku.

Nilipofika, habari ilikuwa imenitangulia, sijui kwa miguu ya nani. Uwanja wangu ulikuwa umejaa wanawake wanalia, wamejifunga leso viunoni, wengine wanakimbia kutoka kona hii hadi kona ile wakimwita kwa jina. Niliwafukuza kwa mchi. Lakini walikuwa wameshalia. Hilo halirudi.

Mheshimiwa alikuja mwenyewe baada ya siku kadhaa, na Landrova. Hakukaa kwenye kiti nilichompa, alikaa kwenye kigoda. Akasema, "Mama, nilidhani ni hai ya heshima. Naapa. Nilisikia wazee fulani Nairobi wakilitumia kwa watu wakubwa."

"Watu wakubwa waliokufa."

"Sikujua kama wamekufa, mama."

Sikumpiga. Ningeweza. Nikamwambia, "Rudi ukaliondoe."

Hapo shemeji mkubwa akaingilia. Akasema tungoje kwanza. Dresa mpya alikuwa amefika juzi, kabati limevunjwa kufuli, limewekwa kufuli jipya, na watoto wenye surua wamelala barazani wakipewa dawa. Mabati ya shule yalikuwa njiani. Kwenye kitabu cha idara kiti kilikuwa tupu sasa, kwa sababu ya neno lile. "Ukiliondoa," akamwambia mheshimiwa, "na dresa wataondoa. Neno baya limetuletea dawa. Shemeji, fikiria watoto wa watu."

Nilifikiria. Mtoto wa jirani yangu alikuwa mmoja wa wale pale barazani. Halafu nikamwambia mheshimiwa, "Liondoe. Kama dresa mpya ataondoka, nitaenda mimi kukaa mlangoni kwa idara. Lakini aliye hai hawezi kuwa dawa ya wengine kwa kufa bila kufa."

Alikwenda. Zilipita wiki, akatuma karatasi, nakala ya kumbukumbu za Bunge. Binti yangu wa kwanza, aliyekuwa darasa la sita, alinisomea. Ilikuwa imeandikwa kwamba mheshimiwa aliomba ruhusa kusahihisha maneno yake, kwamba alikusudia kusema mtu huyo yu hai, na kwamba ombi lilikubaliwa. Dresa mpya hakuondolewa. Mafaili ya serikali hayasalimiani. Lakini redio haikusoma masahihisho hayo. Niliweka betri kila jioni kwa wiki mbili. Hawakusoma. Bungeni mume wangu akawa hai, na hewani akabaki hayati.

Ningeliachia hapo, kama asingekuja mtu mmoja kutoka upande wa Amukura, mfanyabiashara wa sukari, aliyekuwa amefungwa ng'ambo akaachiliwa. Alikuja saa sita mchana, akakataa kuingia ndani. Tulizungumza kwenye kivuli cha ghala. Akaniambia alikuwa chumba kimoja na mume wangu. Alikuwa mzima, akifunga vidonda vya wafungwa kwa vipande vya shati lake.

"Askari walikuwa na redio, mama. Inashika ya kwenu. Jioni moja walisikia. Kiswahili ndiyo lugha ya kambi kule, neno lile walilielewa mara moja. Mkubwa wao akaja dirishani anacheka. Akamwambia, 'Daktari, kwenu umekuwa hayati. Serikali yako imetoa pole. Sasa ni nani atakuja kukuuliza?'"

"Akajibu nini?"

"Aliuliza nani amesema. Wakamwambia, Bunge lenu. Kesho yake mchana wakamwita nje. Wakamwambia achukue shati lake, hicho kilichobaki."

"Shati la nini?"

"Hapo ndipo sijui, mama. Mtu anayekwenda kuuawa haambiwi achukue shati. Lakini pia sijawahi kusikia aliyeachiliwa siku ile. Alitoka akitembea kwa miguu yake. Aligeuka akatuangalia. Ndiyo mwisho wangu."

Nilimpa yule mtu maji, akanywa amesimama, akaenda zake.

Shemeji mkubwa alirudi tena, na safari hii alikuwa na wazee wengine wawili na panga. Nikasimama mbele ya migomba. Hatukugombana sana, tulikuwa tumechoka wote. Mwishowe akasema, "Sawa, shemeji. Hatuziki. Lakini huyu mtu ameliliwa. Wanawake wamelia hapa, wamemwita kama maiti. Akirudi hai hawezi kupita mlango wa mbele. Unajua."

Nilijua. Kwetu, aliyeliliwa akirudi, anabomolewa ukuta wa nyuma, anaingilia hapo kama anayezaliwa. Akipita mbele anakuwa amefuata njia ya maiti wake, na nyumba haitapona.

"Basi nibomolee," nikamwambia.

"Wanabomoa akishafika, shemeji. Hawabomoi kabla."

"Akifika na hakuna mtu? Akifika sisi tuko shambani, asimame nje kama mgeni?"

Nikachukua jembe nikabomoa mwenyewe. Ukuta ulikuwa wa udongo, haukunichukua muda. Tundu la mtu kuinama. Shemeji mkubwa alinitazama mpaka nikamaliza, halafu akachukua fito akaninyooshea kingo, bila utani hata mmoja. Niliweka bakuli la maji ndani, karibu na tundu, maana anayetoka njia ile hutoka na kiu.

Maji nilibadilisha kila asubuhi. Watoto waliogopa kupita hapo. Upepo uliingia, paka aliingia, na mara moja nyoka, nikamuua. Kengele ya baiskeli haikulia tena hata siku moja tangu nilipobomoa. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko ilipokuwa inalia.

Halafu siku moja wakati wa palizi tulirudi wote kutoka shambani, saa saba, jua kali, binti yangu mbele. Aliingia akatoka tena. Akasema, "Mama, maji yamepungua." Nikasema ni paka. Akasema, "Paka hawezi."

Niliingia. Bakuli lilikuwa limenyweka hadi nusu. Ndani ya maji kulikuwa na ufunguo, umefungwa kwa kipande cha bandeji. Bandeji ilikuwa bado inaelea.

Nilitoka nje kwa tundu lile lile, kwa magoti, nikazunguka migomba yote. Niliita. Sikumwita kwa jina, nilimwita kama ninavyomwita mimi. Hakuna mtu, hakuna alama kwenye udongo, na jirani aliyekuwa anaanika mihogo upande wa pili hakuona mtu akipita. Ufunguo niliupeleka dispensari. Dresa mpya aliujaribu, haukufungua kitu. Kufuli lake lilikuwa limevunjwa zamani.

Labda mtu aliyeachiliwa aliuleta, akaogopa kuonekana. Labda yule wa Amukura alikuwa nao siku ile akashindwa kunipa mkononi. Nimefikiria yote hayo, miaka mingi, na ninyi msinifundishe. Ninachojua ni kwamba aliyeuleta alijua apite wapi, na alikuwa na kiu.

Miaka michache baadaye Mzee mwenyewe alifariki, na redio ikalisema neno lile kutwa nzima, wiki nzima, mpaka watoto wa shule wakalijua. Nilizima redio.

Wanangu walipojenga hii nyumba ya matofali, fundi alitaka kuziba nyuma, akasema mama, mlango bila kufuli ni kukaribisha wezi. Nikawaita wote, wanangu, wake zao na fundi mwenyewe na simenti yake mikononi, nikawaambia hivi, na ndivyo ninavyowaambia na ninyi:

"Mlango huu hauzibwi, haufungwi, hauwekwi kufuli. Maji yabadilishwe kila asubuhi. Na mkisikia mtu anaingia kutoka upande huu, asiulizwe jina. Mwacheni anywe kwanza."